Nani Mvamizi Kwenye Ardhi ya Dhahabu?

Leseni kubwa ya Mgodi wa Dhahabu wa Geita ilitolewa mwaka 1999, na eneo lake ni kilomita za mraba 196.27. Kwenye ramani ya leseni ni umbo lenye kona nyingi, limepakwa rangi moja. Ardhini, ndani ya umbo hilo, mna mashimo ya mgodi na msitu wa hifadhi, lakini mna pia mashamba ya mihogo, nyumba za bati, visima na makanisa. Wakazi wa Nyakabale, Nyamalembo na Katoma wamelalamika miaka nenda miaka rudi juu ya kile wanachokiita mgogoro wa vigingi: vigingi vya leseni vimewazunguka, na anayetaka kuongeza chumba anaulizwa nani kamruhusu kujenga mgodini.

Wao wana swali lao. Mgodi wa zamani wa Geita, uliochimbwa tangu enzi za mkoloni, ulifungwa mwaka 1966. Kutoka hapo hadi leseni ya 1999 ni miaka 33. Katika miaka hiyo watu walizaliwa hapo, wakaoa, wakazika wazazi wao. Basi aliyemkuta mwenzake ni nani?

Swali hilo halijibiki kwa neno moja, kwa kuwa ardhi ya Kanda ya Ziwa imefunikwa na ramani zaidi ya moja. Ipo ya kijiji, inayojulikana zaidi vichwani mwa wazee kuliko kwenye makabrasha. Ipo ya mipango miji, inayokaa ofisi ya ardhi ya halmashauri. Ipo ya leseni za madini, iliyo mikononi mwa Tume ya Madini. Hazikuchorwa na mtu mmoja wala mwaka mmoja, na hakuna aliyelazimika kuzitandaza zote juu ya meza moja kabla watu hawajajenga. Mwenye nyumba anaweza kuwa mkazi halali kwenye ya kwanza, mkosaji kwenye ya pili na mvamizi kwenye ya tatu, na hajasogea hata hatua moja. Anayetumwa kumpasha habari hiyo, mara nyingi, ni mtumishi wa halmashauri.

Mtumishi huyo huja na afisa mipango miji, mtendaji wa mtaa, mgambo wawili watatu na kopo la rangi nyekundu. Alama ya X ukutani haihitaji maelezo kwa Mtanzania yeyote. Pembeni yake huandikwa tarehe, au herufi za taasisi iliyoagiza, au kwa wasiopenda kuzunguka, neno BOMOA. Kando ya barabara kuu hata rangi ina maana yake. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, na wakala wa barabara, TANROADS, huweka X nyekundu kwa aliyejenga ndani ya hifadhi na hadai kitu, na X ya kijani kwa aliyefuatwa na mita 7.5 za nyongeza na anayestahili kulipwa. Watu wamejifunza kusoma rangi hizo kabla ya kusoma barua.

Na barua ndiyo inayotakiwa. Chini ya Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007, halmashauri ya mji, manispaa au wilaya ndiyo mamlaka ya upangaji katika eneo lake. Hakuna ruhusa ya kuendeleza ardhi ya eneo la mpango bila kibali chake. Aliyejenga bila kibali hupewa notisi ya maandishi ya kusimamisha au kuondoa alichojenga, akipewa muda na sababu. Akikaidi, halmashauri inaweza kuondoa yenyewe na kumdai gharama. Rangi ukutani ni mazoea tu ya kazi, na mazoea hayo ndiyo yanayowaponza maofisa wengi wanapofikishwa mbele ya hakimu na kuulizwa iko wapi nakala ya notisi iliyosainiwa na mpokeaji.

Lakini hebu turudi nyuma kidogo, kwa mtu huyu aliyepakwa X. Aliingiaje?

Sheria mbili za mwaka 1999, ile ya Ardhi na ile ya Ardhi ya Vijiji, zilizoanza kutumika Mei 2001, zinasema ardhi yote Tanzania ni ya umma na Rais ni mdhamini. Halafu zinaigawa mafungu matatu: ardhi ya jumla, ardhi ya vijiji na ardhi ya hifadhi. Kwenye kijiji, msimamizi ni halmashauri ya kijiji, chombo cha wajumbe 15 hadi 25, na ugawaji wake unahitaji baraka za mkutano mkuu wa kijiji. Anayemiliki kwa mila ana haki yenye hadhi sawa na ya mwenye hati ya serikali, hata kama hana karatasi. Mahakama ya Rufani ilikwisha kulisema hilo mwaka 1994, katika kesi maarufu ya Lohay Akonaay iliyotoka mkoani Arusha: haki ya kimila juu ya ardhi ni mali inayolindwa na Katiba, na haiwezi kufutwa hivi hivi bila fidia.

Hapo ndipo mji unapoingia. Geita ilipata mkoa wake mwaka 2012, ikimegwa kutoka Mwanza, Kagera na Shinyanga. Sensa ya mwaka huo ilikuta watu milioni 1.7 ndani ya mipaka ya mkoa mpya. Ya 2022 ikakuta karibu milioni 3. Shinyanga nayo ilipanda kutoka milioni 1.5 hadi milioni 2.2 katika muda huo huo. Kahama, iliyokuwa mji wa mpunga na pamba, ikawa manispaa mwaka 2021. Kila mpaka wa mji unapotanuliwa humeza vijiji. Siku eneo linapotangazwa kuwa la mpango, mkulima aliyekuwa na shamba la kurithi anageuka mkazi wa makazi holela. Hakuhamia mjini, mji ndio uliohamia kwake, ukaja na sharti la kibali cha ujenzi ambacho babu yake hakukijua.

Wapo pia, na ni wengi, walionunua. Ununuzi wenyewe unafanyika hivi. Mtu anatoka Katoro na fedha ya mwalo au ya mpunga, anaonyeshwa kipande na dalali, wanapima kwa hatua za miguu. Karatasi inachanwa kwenye daftari la kurasa 96. Juu inaandikwa MAUZIANO YA KIWANJA, chini majina ya muuzaji na mnunuzi, bei kwa tarakimu na kwa maneno, majirani wa kaskazini, kusini, mashariki na magharibi, mashahidi wawili kila upande, alama ya dole gumba kwa asiyejua kusaini. Mwisho unagongwa muhuri wa mwenyekiti wa mtaa au kitongoji, na hapo mnunuzi hutoa kile kinachoitwa asilimia 10. Viongozi wa serikali wamekemea mara kwa mara kwamba mwenyekiti wa mtaa hana mamlaka ya kuidhinisha mauziano ya ardhi. Makemeo hayo hayajafika kwenye daftari. Mnunuzi akiuona muhuri wa bluu anajua ameshaionyesha serikali, na kwa haki ya Mungu ni vigumu kumlaumu: serikali aliyokuwa akiijua maisha yake yote ni huyo mwenyekiti.

Kwenye machimbo mambo huenda kasi zaidi. Dhahabu ikionekana mahali, watu huita rashi. Ndani ya wiki moja porini panakuwa na maturubai, maduara ya kuchimbia yamefunguliwa, makarasha ya kusagia mawe yananguruma, mama lishe wamefika, na mwenye shamba anahesabu mifuko ya mawe anayodai kwa kila duara. Mwezi wa tatu kuna kibanda cha kuchajia simu na nyumba ya kulala wageni yenye kuta za mabanzi. Rashi nyingi hufa na kuacha mashimo. Nyingine hazifi. Mgusu, iliyoanza kama machimbo pembezoni mwa msitu wa hifadhi wa Geita, leo ni kata ndani ya mji. Nyarugusu na Rwamgasa zimechimbwa vizazi na vizazi, zina shule, zahanati na madiwani.

Jambo hili la kukua likiangaliwa karibu linaonyesha aibu ya halmashauri. Turubai la kwanza likisimama, kuiondoa kambi ni kazi ya asubuhi moja. Hakuna anayekuja. Anayekuja ni mkusanya ushuru wa soko, kisha wa leseni za biashara. Baadaye wananchi wanachangishwa matofali ya shule, halmashauri inapeleka mwalimu. Umeme unafika. Mkutano wa kampeni unafanyika chini ya mwembe, kura zinapigwa, mwenyekiti anaapishwa. Baada ya miaka 15 ya kulipa na kupiga kura, ndipo linatoka tangazo kwamba wakazi wa hapo ni wavamizi. Kisheria huenda ni kweli kila neno. Lakini halmashauri iliyopokea ushuru kwa risiti haiwezi kusema haikujua pana watu.

Sababu moja ya kuchelewa ni umaskini wa ofisi yenyewe: wilaya kubwa, wapima ardhi wachache, gari moja la idara lenye foleni ya safari. Nyingine ni hesabu. Kampuni kubwa ya madini hulipa halmashauri ushuru wa huduma unaohesabiwa kwa asilimia ya mauzo yake. Mikataba ya awali iliruhusu migodi kulipa dola 200,000 tu kwa mwaka, na kuondolewa kwa kiwango hicho kulibadilisha bajeti za halmashauri za Geita na Msalala kabisa. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2017, halmashauri pia ndiyo inayoidhinisha mpango wa kila mwaka wa mgodi wa kusaidia jamii. Kwa hiyo ofisi inayotakiwa kusimama katikati ya mwenye leseni na mwenye nyumba inalipwa na mmoja na kuchaguliwa na mwingine. Si ajabu ikasubiri hadi isipoweza tena kusubiri.

Wasukuma wa Shinyanga wamewahi kuhamishwa na serikali hata kabla ya mambo ya leseni. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi katika vijiji vya ujamaa ni amri, na mwaka 1974 Operesheni Vijiji ikapita Shinyanga kwa malori. Familia zilizokuwa zimetawanyika, kila mji na ng'ombe wake na ngitili yake ya malisho, zilipakiwa na vyombo vyao na kushushwa kwenye mistari iliyopimwa kwa kamba. Sheria ya kuandikisha vijiji ilikuja mwaka 1975, baada ya watu kuhamishwa. Nyumba za zamani zikawa mahame. Baadaye wengi walirudi kimya kimya kwenye mahame yao, wakawakuta waliogawiwa na kijiji wakilima hapo. Mabaraza ya ardhi ya mikoa hii yalirithi migogoro ya aina hiyo kwa miaka mingi: mmoja ana kaburi la babu, mwingine ana muhtasari wa mkutano wa kijiji. Wote wawili wanaitana wavamizi.

Kisha ikaja Bulyanhulu.

Kampuni ya Kahama Mining, tanzu ya Sutton Resources ya Kanada, ilipata leseni ya eneo hilo mwaka 1994, wakati tayari kuna mji mzima wa wachimbaji wadogo juu ya mwamba wa dhahabu. Mwishoni mwa Julai 1996 serikali iliwaamuru waondoke, kwa tangazo la saa 24. Siku chache baadaye Mahakama Kuu kanda ya Tabora ilitoa zuio. Ufukiaji wa mashimo haukusubiri. Hata idadi ya waliokuwepo ina ugomvi wake: kampuni ilitaja makumi ya maelfu, wanasheria wa mazingira wa LEAT wakataja zaidi ya laki mbili. Madai mazito zaidi, kwamba zaidi ya wachimbaji 50 walifukiwa wakiwa hai, yalikanushwa na serikali na kampuni, na mwaka 2002 ofisi ya mkaguzi wa Benki ya Dunia ikasema haikuona ushahidi wa kuyathibitisha. LEAT hawakuridhika. Barrick ilikwisha kuinunua Sutton mwaka 1999, na Rais Benjamin Mkapa akafungua mgodi mwaka 2001. Nje ya geti lake ulikua mji mwingine, Kakola, wenye maduka, baa, stendi na nyumba zilizobanana.

Geita ilikuwa na yake. Julai 2007 familia zaidi ya 80 ziliondolewa Mtakuja, ndani ya eneo la leseni ya mgodi. Kwa kampuni, hao walikuwa watu wanaokaa bila haki kwenye eneo lililokwisha kutolewa. Kwa wenyewe, walikuwa wakulima waliotolewa kwenye nyumba zao. Walipelekwa mjini Geita, wakaishi kwenye mahema ya maturubai kwa miaka, mahali watu walipopaita Sofia Town. Ripoti ya mwaka 2008 iliyoagizwa na TEC, CCT na BAKWATA, vyombo vya dini ambavyo haviafikiani kwa mambo mengi, iliwataja.

Ukisoma Sheria ya Madini ya mwaka 2010 utashangaa jinsi neno moja linavyobeba mzigo wote. Sheria hiyo inamkataza mwenye leseni kufanya kazi ndani ya mita 200 za nyumba inayokaliwa, au mita 50 za ardhi iliyolimwa, bila ridhaa ya maandishi ya mkaaji halali. Ndani ya mji anahitaji pia ridhaa ya mamlaka ya mji. Ni ulinzi mzuri. Ila umefungwa kwenye neno "halali". Ofisi ikishamwita mtu mvamizi, mita zake 200 zinatoweka, na ridhaa yake haiombwi tena. Ndiyo maana watu wa kanda hii hugombania jina hilo kuliko wanavyogombania kiwango cha fidia.

Fidia yenyewe, ikistahili, ina kanuni inayoeleweka, ingawa wachache wameelezwa. Kanuni za mwaka 2001 zinataja thamani ya ardhi na maendelezo yaliyopo juu yake kwa bei ya soko, posho ya usumbufu, posho ya usafiri wa tani 12 kwa umbali usiozidi kilomita 20, posho ya makazi na hasara ya biashara. Posho ya makazi ni kodi ya mwezi mara 36. Nyumba ambayo ingepangishwa kwa shilingi 50,000, mfano, huleta shilingi 1,800,000 chini ya kifungu hicho peke yake. Nyumba isiyokaliwa haipati posho hizo za kuhama. Sheria ya Uthamini ya mwaka 2016 inaongeza kwamba malipo yafanyike ndani ya miezi 6, baada ya hapo riba inahesabiwa, na uthamini ambao haujalipwa kwa miaka 2 unakufa. Inabidi kuanza upya.

Siku ya uthamini ni siku ya aina yake. Mwenye nyumba anaitwa asimame mbele ya mlango wake, ameshika kibao chenye namba iliyoandikwa kwa chaki, anapigwa picha kama mahabusu. Mthamini anapima kuta, anahesabu miembe, migomba, miti ya kivuli, makaburi. Mtendaji anasaini, mwenye mali anasaini. Mwisho wanaambiwa neno moja: msiendeleze. Kuanzia siku hiyo hakuna kupiga ripu, hakuna kuezua bati lililotoboka, hakuna kupanda mazao ya kudumu. Endapo malipo yanakuja ndani ya miezi 6, si kitu. Yakichukua miaka, familia inakaa kwenye nyumba inayooza, imezuiwa kuitengeneza na haijalipwa kuiacha. Malalamiko ya namna hii yamesikika Geita na kwenye migodi mingine ya Kanda ya Ziwa mara nyingi kuliko malalamiko ya kiwango kidogo.

Lakini si kila mwenye namba ya chaki ni mnyonge, na makala hii ingekuwa ya uongo kama ingeliruka hilo. Kule Nyamongo, wilayani Tarime, kando ya mgodi wa North Mara, limezaliwa neno ambalo sasa linaeleweka kanda nzima: tegesha. Mtu akisikia mgodi unataka kupanuka anajenga haraka haraka: kuta za tofali mbichi, bati jembamba, vyumba visivyo na sakafu, miche iliyochomekwa kwa kubanana ambayo haiwezi kamwe kuzaa. Anategesha, kama anayetegea samaki. Wengine hujenga kwa ubia na watu wa mbali wenye mitaji, hata na watumishi wanaojua tarehe ya uthamini kabla haijatangazwa. Nyumba za tegesha zimewapa halmashauri na kampuni sababu ya kumtilia shaka kila mtu, na anayeumia ni mama aliyejenga chumba cha tatu kwa sababu watoto wamekua.

Kumtenganisha mkazi na mtegeshaji kunawezekana. Picha za setilaiti za kila mwaka zipo. Rejista ya wakazi ya mtaa, orodha ya wapiga kura, rekodi za zahanati na za shule, zote zinasema nani alikuwepo lini. Kinachokosekana ni kuzikusanya mapema, kabla tetesi hazijaenea.

Uingereza walilitatua suala la kuchelewa kwa kuiwekea halmashauri saa. Kwa miaka mingi, nyumba iliyojengwa England bila kibali na ikakaa miaka 4 bila kuchukuliwa hatua ilikuwa imepona. Tangu Aprili 2024 muda huo ni miaka 10. Halmashauri ikilala, imelala. Katiba ya Afrika Kusini ya mwaka 1996 inakwenda njia nyingine: hakuna nyumba ya mtu kubomolewa bila amri ya mahakama iliyopima mazingira yote. Tanzania, kwa Sheria ya Ukomo, mtu binafsi ana miaka 12 ya kudai ardhi yake. Serikali ina miaka 60. Nani atakayehimizwa na saa ya miaka 60?

Mara nyingine uamuzi hutoka juu. Januari 2019 Rais John Magufuli alisimamisha uondoaji wa vijiji vilivyodaiwa kuwa ndani ya hifadhi, na kamati ya mawaziri wanane ikapita nchi nzima. Kati ya vijiji na mitaa 975 vilivyochunguzwa, 920 vikaachwa vibaki. Takwimu hiyo ina ujumbe mkali kwa waliopaka X: kwa vijiji zaidi ya 9 katika kila 10, serikali yenyewe ilipoangalia upya iliona hakuna haja ya kuviondoa. Hifadhi si leseni ya madini, na zoezi kama hilo halijafanywa kwa vigingi vya migodi.

Kwa mijini, njia ya katikati imekuwa urasimishaji. Programu ya taifa ya mwaka 2013 hadi 2023 iliruhusu mitaa iliyojengwa bila mpango ipangwe ilivyo, barabara zipenyezwe, viwanja vipimwe na wenye nyumba wapate hati. Sheria ya Ardhi ina pia leseni ya makazi, karatasi ya muda usiozidi miaka 5 inayomtambua aliyejenga pasipopimwa. Ni haki ndogo, lakini ana cha kuonyesha. Kasoro yake kwa watu wa Geita ni kwamba urasimishaji haupiti palipo na leseni ya madini. Palipo na mgogoro mkubwa zaidi ndipo dawa isipofika.

Anayetaka kununua leo anaweza kujipunguzia hatari kwa siku mbili za kuzunguka. Ofisi ya ardhi ya halmashauri itamwambia kama eneo lina mchoro wa mipango miji na limetengwa kwa ajili gani; shule, makaburi na maeneo ya wazi ndiyo yanayouzwa zaidi na matapeli. Tume ya Madini ina ramani ya leseni kwenye intaneti, iliyo wazi kwa yeyote mwenye simu. TANROADS na TANESCO watamwonyesha hifadhi ya barabara na njia ya umeme. Muhtasari wa mkutano wa kijiji una uzito kuliko muhuri wa mwenyekiti peke yake. Wanaofanya hivi ni wachache, na kiwanja cha bei rahisi huwa hakisubiri siku mbili.

Aliyekwisha kupakwa X ana kibarua kingine. Baraza la Kata, alilozoea kwenda, tangu mwaka 2021 linasuluhisha tu na haliamui. Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya na Mahakama Kuu ndizo zinazoamua. Lakini kwa mabadiliko ya sheria ya mwaka 2020, anayeishtaki halmashauri anahesabiwa kuwa anaishtaki serikali: lazima aipe notisi ya siku 90 na amuunganishe Mwanasheria Mkuu. Notisi ya kubomoa, kwa kawaida, ni siku 30, na wakati mwingine ni 7. Hesabu hiyo haihitaji wakili. Tingatinga linafika kabla ya kesi kufunguliwa.

Mawakili wamepata mwanya. Yapo maombi yanayoitwa ya Mareva, yanayopelekwa Mahakama Kuu kabla ya siku 90 kwisha, kuomba hali ibaki ilivyo mpaka kesi yenyewe ifunguliwe. Majaji wameyapokea mara nyingi, mwombaji akionyesha kwamba ana hoja ya kusikilizwa na kwamba akibomolewa hakuna fedha itakayomrudisha alipokuwa. Anahitaji kiapo kilichoandikwa vizuri, picha za X, nakala ya karatasi ya mauziano au barua ya kijiji, risiti za ushuru na umeme, na nauli ya kwenda Mahakama Kuu zaidi ya mara moja. Risiti za ushuru ndizo ambazo watu wengi huzitupa.